Risasi Nyembamba na Risasi Nene

Wahenga waliposema kuuliza si ujinga, hawakusema kwamba kuuliza hakuumi. Kunauma, tena sana. Mtu mzima na ndevu zake, mwenye mke na kadi ya uchaguzi mfukoni, kufungua kinywa mbele za watu na kutamka neno "sijui" ni sawa na kuvuliwa shati sokoni. Ndiyo maana wengi wetu huona afadhali tupotee njia kimyakimya kuliko kumsimamisha mpita njia. Wahenga walilijua hilo. Walichotaka kutuambia ni kwamba aibu ya kuuliza ni mgeni wa siku moja, lakini hasara ya kutouliza ikija huja na mizigo yake, ikakaa. Asiyeamini na amsikilize Florent wa Murara.

Florent alikuwa fundi wa simu na redio hapo Murara, mjini Goma, katika kibanda cha mbao kilichosimamishwa juu ya mawe meusi. Mikono yake ilikuwa na baraka. Simu iliyotumbukia ziwani, ambayo mafundi wengine walikwisha kuiimbia wimbo wa mazishi, yeye aliifungua, akaikausha, akaipuliza, na kesho yake ikaita. Tena alikuwa mwungwana, mpole, mtu wa kanisani, asiyemtupia mtu neno baya. Kasoro yake ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa neno "najua". Ukimweleza habari, anajua. Ukimwonyesha njia, anajua. Majirani walimpachika jina la Papa Najua, na mkewe, Uwitonze, alikuwa akilisikia na kujitia hamnazo.

Haki iwe haki, hakuzaliwa hivyo. Ugonjwa huo aliupata milimani, Masisi, siku alipokwenda kwa mara ya kwanza kuwaona wakwe zake. Nyumba ya muzee Twagirimana ilikuwa nyumba ya ng'ombe na viazi, na Florent alikuwa mtoto wa mji ambaye maziwa aliyajua yakiwa ndani ya kibuyu cha plastiki. Gisubizo, kaka mkubwa wa Uwitonze, alimwita amshike ndama wakati ng'ombe mama wa ndama akikamuliwa. Florent, kwa moyo mweupe, akauliza: "Ninamshika wapi?"

Lo! Ua mzima ulianguka kwa kicheko. Gisubizo alicheka hadi akakalia ndoo. "Mutoto wa lami huyu! Anauliza ndama anashikwa wapi! Anafikiri iko na mkono kama sufuria!" Wajomba walicheka, shangazi walicheka, hata watoto waliokuwa hawajaota meno ya mbele walicheka. Florent naye alicheka kwa mdomo, lakini ndani aliumia kama aliyemwagiwa maji ya moto. Siku ile alikata shauri kwamba hatauliza tena kitu chochote kwa wakwe zake, awe hai awe maiti. Na bahati mbaya, desturi ya nyumba ile ilimsaidia kushika nadhiri yake, maana kwa Twagirimana mkwe alitakiwa kuwa mtu wa maneno machache. Mkwe hujibu, haulizi. Hivyo ndivyo walivyolelewa.

Basi, katika miaka ile barabara ya Sake ilipokuwa ingali inapitika bila mtu kuandika wosia kwanza, simu ya Florent iliita asubuhi moja akiwa kazini. Alikuwa baba mkwe wake mwenyewe, mzee ambaye kwa kawaida salamu zake zilipitia kwa binti yake.

"Mkwe wangu," alisema muzee Twagirimana, "huku tuko na shida. Ni nguruwe."

Alikuwa nguruwe mwitu, dume lenye pembe za mdomoni, ambalo lilishuka kila mara kutoka kwenye bonde la msitu na kufukua viazi vya watu. Viazi peke yake watu wangevumilia. Lakini wiki mbili kabla ya hapo lilimkuta Sidonie, mjane jirani, akilinda shamba lake, likampasua paja. Alishonwa nyuzi kumi na tisa. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kwenda shambani peke yake, na huo ndio ulikuwa wakati wa kuvuna. Watu walikuwa wakivitazama viazi vyao kwa mbali kama mali ya mtu mwingine.

Katika mlima ule mtu mwenye bunduki ya kuwinda yenye karatasi halali alikuwa mmoja tu, Twagirimana. Ilikuwa Mauser ya zamani sana, iliyotengenezwa Ujerumani kabla babu zetu hawajaota mvi. Aliachiwa na Mzungu wa shamba la pareto alipokuwa akirudi kwao moja kwa moja, pamoja na sanduku la risasi. Kila mwaka mzee alipeleka karatasi kugongwa muhuri, na risasi alizitumia kama dawa ya kikohozi, moja leo, nyingine baada ya mwaka. Sasa sanduku lilikuwa tupu.

"Nitafutie masasi, mkwe wangu," mzee alisema, akataja namba kwa Kifaransa, nane kwa hamsini na saba. "Ile ya Wajerumani ya zamani. Unaijua?"

"Ninaijua, papa," alijibu Florent, ambaye maishani mwake hakuwahi kushika hata manati.

"Nilisema mimi! Mkwe wangu iko mutu wa mji, anajua vitu." Na sauti ya mzee ilikuwa na furaha kiasi kwamba Florent alibaki ameishika simu hata baada ya kukatika.

Alipouliza huku na huko, akijifanya haulizi, alielekezwa Himbi, kwa muzee Namegabe. Huyu alikuwa fundi mstaafu wa bunduki za kuwinda, mwenye kibali chake kimetundikwa ukutani na miwani yake imefungwa kwa uzi shingoni ili isianguke. Alizisoma karatasi ambazo Twagirimana alimtumia mkwewe, akazisoma tena, kisha akafungua kabati la chuma.

"Nane kwa hamsini na saba," alisema. "Sawa. Lakini ya nyembamba ao ya nene?"

Florent alimeza mate. "Namna gani?"

"Hizi ni madada wawili, mutoto wangu. Urefu wao mmoja, nguo yao moja. Lakini mkubwa ni mwembamba na mdogo ni mnene. Wajerumani walianza na ile nyembamba. Kisha wakaongeza unene wa kichwa cha risasi, unene wa karatasi moja ya daftari, basi. Ganda wakaliacha vilevile. Sasa ukiipa bunduki ya nyembamba risasi ya nene, itaingia. Eh, itaingia! Lakini kutoka ndiyo maneno. Moto unakosa njia ya mbele, unarudi nyuma. Na nyuma ya bunduki kuna nini?"

"Kuna mutu," alisema Florent.

"Kuna uso wa mutu," alisahihisha Namegabe. "Kwa hiyo, ya baba mkwe wako iko gani?"

Hapo ndipo palikuwa njia panda. Maneno matatu tu yangetosha: "Sijui, ngoja nimuulize." Lakini Florent aliona mbele yake ua ule wa Masisi, aliona Gisubizo amekalia ndoo, akisema: mmesikia, tumemtuma kitu kimoja na amerudi na swali! Tena nani angemwuliza baba mkwe kama bunduki yake ni nyembamba au nene, baada ya kumwambia kwa kinywa chake kwamba anaijua?

"Mpigie simu," alisema Namegabe. "Mimi siuzi kwa kubahatisha."

Florent akatoka nje uani. Akaiweka simu sikioni. Haikuwa imepigwa popote. "Allo, papa? Ndiyo, papa. Nyembamba ao nene? Aha. Aha. Asante, papa." Kijasho chembamba kilimtoka huku akiongea na hewa. Aliporudi ndani aliuliza kwanza, kama mtu asiyejali, ni ipi iliyokuwepo kabatini. Namegabe akasema iliyokuwepo ni nene, ile nyembamba ingebidi iagizwe, labda mwezi mmoja.

"Amesema ni nene," alisema Florent.

Mzee alimtazama juu ya miwani, akahesabu risasi sita, akaziandika kwenye daftari lake, akampa. Lakini alimshika mkono kabla hajaziweka mfukoni. "Umwambie hivi. Ikiingia yenyewe, vizuri. Ikiingia kwa kubembelezwa, kwa kusukumwa, aitoe. Asifyatue. Unasikia?"

"Ninajua, muzee," alisema Florent.

Huko Masisi, alikokwenda pamoja na Uwitonze, walimpokea kama askofu. Mama mkwe wake, mama Perpétue, aliyekuwa hakai mbele ya mkwewe kwa heshima, alimpelekea maziwa kwa mkono wa mtoto huku yeye mwenyewe akichungulia kwa furaha nyuma ya mlango. Gisubizo alimpiga bega na kumwita shemeji, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Hata Sidonie alikuja akichechemea na fimbo yake, akamshika Florent mikono yote miwili. "Mungu akubariki, papa. Mimi sina mume wa kunitetea. Nitavuna kwa sababu yako."

Ungemwona Florent jioni ile ungemhurumia. Maziwa hayakushuka. Alimtazama baba mkwe wake akiipaka bunduki mafuta taratibu, akiipangusa kwa kitambaa, uso wake mzuri wa uzee ukiwa karibu kabisa na chuma. Uso wa mutu, Florent alisikia. Mara tatu alifungua kinywa. Mara ya kwanza mjomba mmoja aliingia. Mara ya pili mzee alikohoa. Mara ya tatu hapakuwa na sababu yoyote, ulimi tu ulikuwa mzito.

"Una nini wewe?" Uwitonze alimwuliza kando. "Umekuwa wa baridi."

"Niko sawa. Ni uchovu wa njia."

Akajifariji jinsi sote tunavyojifariji tukiwa tumekosea: labda kweli ni nene. Kati ya mbili, kwa nini iwe ile mbaya? Ni nusu kwa nusu. Huyo ndiye mtu aliyekuwa akiyachezea kamari macho ya baba mkwe wake na kujiambia kwamba analala.

Kulipopambazuka, ukungu ukiwa bado umelala juu ya malisho, watu wa kumfukuza nguruwe atoke mafichoni waliingia bondeni na mbwa wao. Kila mbwa alikuwa na njuga shingoni ili ajulikane alipo. Gisubizo ndiye aliyewaongoza. Muzee Twagirimana alikaa nyuma ya gogo, mahali bonde linapofunguka kwenye malisho, na kwa heshima akamwita mkwe wake akae mkono wake wa kuume, ashike risasi. Ilikuwa nafasi ambayo wanawe mwenyewe walikuwa wakiigombea.

"Nipe moja," alisema mzee.

Florent alimpa. Mzee aliitia, akasukuma komeo. Komeo likafika karibu na mwisho, likakataa. Mzee akasukuma tena. Likakataa. Ndipo akaligonga kwa kiganja cha mkono, pa! Likafunga.

"Ni mpya," alisema mzee akitabasamu. "Iko na haya kama bibi arusi."

Florent alikumbuka maneno ya Namegabe. Ikiingia kwa kubembelezwa, kwa kusukumwa. Sasa haikuwa tena nusu kwa nusu. Alijua, na safari hii alijua kweli. Njuga zilikuwa zikikaribia. Sauti za watu zilisikika, "Huyo! Huyo! Anashuka!" Matawi yakavunjika. Akilini mwake alimwona Gisubizo, akaona vicheko, akaona mikono ya Sidonie. Akajiambia, sema. Hakusema. Akajiambia tena, sema, wewe mtu. Domo likawa zito kama jiwe la kusagia.

Nguruwe akatoka. Alikuwa mkubwa kuliko walivyosimulia, mweusi, manyoya ya mgongoni yamesimama, akatua katikati ya malisho hatua arobaini kutoka kwenye gogo na kusimama ubavu, akisikiliza mbwa. Mwindaji haombi zaidi ya hapo. Muzee Twagirimana aliinua bunduki bila haraka. Akalaza shavu lake juu ya mti wa kitako, akafumba jicho la kushoto.

Florent hakukumbuka baadaye ni nani aliyemsukuma mkono. Aliupenyeza mkono wake kati ya shavu la mzee na bunduki, kiganja chake kikajaa ndevu za baba mkwe wake, akapiga kelele: "Papa, usifyatue! Ninaomba kuuliza!"

Mtu akimgusa baba mkwe wake uso katika milima ile, si jambo dogo. Mzee alishtuka, mtutu ukaenda juu, na nguruwe, aliyekuwa hahitaji kelele ya pili, aligeuka na kurudi alikotoka kwa nguvu zake zote. Alikotoka ndiko alikokuwa Gisubizo. Alimpiga kumbo la miguu akamtupa chali ndani ya upupu, akampasua mbwa mmoja sikio, akapita katikati ya viazi vya Sidonie akivilima kama trekta, akapotea.

Kilichofuata Florent aliwaza kuwa ndiyo siku ya kiyama. Watu walikusanyika kwenye gogo wakihema. Gisubizo alifika anajikuna kila mahali, macho mekundu. "Umefanya nini wewe? Alikuwa amesimama! Amesimama kama ng'ombe wa kukamuliwa! Papa angempiga hata akiwa usingizini!"

"Mwacheni aseme," alisema muzee Twagirimana. Sauti yake ilikuwa ya baridi. "Amesema anaomba kuuliza. Uliza."

Florent alisimama. Lakini kikombe kikishamwagika hakuna haja ya kushika mkono wa kikombe, na yeye akamwaga vyote. Alieleza madada wawili, mwembamba na mnene. Alieleza uso wa mutu. Na alipofika kwenye ile simu ya uani, ambapo mtu mwingine angeirukia na kupita, hakuipita. "Sikukupigia, papa. Niliweka simu sikioni nikaongea peke yangu. Nilimdanganya yule mzee, na nimekudanganya wewe. Niliogopa mtanicheka. Leo mnicheke, nimekubali. Lakini nauliza: bunduki yako inakula nyembamba ao nene?"

Hakuna aliyecheka. Wote walimtazama mzee, wakingoja hasira yake, maana ilijulikana. Mzee alikuwa akiitazama bunduki iliyokuwa magotini pake.

"Sijui," alisema.

"Papa?" alisema Gisubizo.

"Sijui, nimesema. Miaka arobaini sijui. Muzungu aliniachia sanduku, nikapiga sanduku. Kwenye chuma kuna maandishi ya Kijerumani, mimi nitayasomea wapi? Mlikuwa mnasema Twagirimana anaijua bunduki, na mimi nikaliacha neno hilo likae, kwa sababu lilikuwa tamu." Alimgeukia Florent. "Nilipokupigia simu, kweli nilitaka kusema: mkwe wangu, niulizie huko mjini ni masasi gani. Lakini nitamwambiaje mkwe kwamba sijui? Nikasema, unaijua? Ukasema unaijua. Nikamshukuru Mungu. Nikadhani mmoja wetu anajua."

Gisubizo bado alikuwa anajikuna, na upupu hauna huruma. "Maneno tu," alinung'unika. "Labda ingepiga vizuri, na nguruwe angekuwa amelala hapa. Tuijaribu basi, tuone!"

Wakaijaribu. Waliilaza bunduki juu ya gogo, wakaifunga kwa kamba za ng'ombe, mtutu ukielekea mlimani, wakafunga uzi mrefu kwenye kifyatulio. Pale ambapo shavu la mpigaji lingekuwa, Gisubizo mwenyewe, kwa kejeli, aliweka boga. Kisha wote wakajificha nyuma ya kilima, na mzee akavuta uzi.

Mlio haukuwa mlio wa bunduki. Ulikuwa kama wa jiwe linalopasuka motoni, mfupi na mkavu. Walipofika kwenye gogo walikuta kitako kimechanika vipande viwili kwa urefu, komeo limeng'oka na kuruka nyuma hatua kumi na mbili. Kile chuma alichotengeneza Mjerumani kwa fahari kilikuwa kimefunguka kama ganda la njugu. Boga hawakuliona. Waliona mbegu zake, zimenata kwenye majani.

Muzee Twagirimana aliinua mkono akajigusa shavu la kuume, kisha jicho, kisha shavu tena. Gisubizo aliacha kujikuna. Alitazama zile mbegu, akamtazama baba yake, akaanza kulia waziwazi, mtu mzima yule, kamasi na machozi pamoja. Kisha akamwendea Florent na kumkumbatia kwa nguvu, na ule upupu wote wa kwenye shati lake ukamhamia shemeji yake. Wakajikuna pamoja.

Lakini bunduki ilikuwa imekufa, na nguruwe alikuwa hai. Hilo nalo watu walilikumbuka. Walikaa chini wakishika tama. Ndipo Florent, ambaye sasa alikuwa kama mtu aliyefunguliwa mdomo hospitalini, alimgeukia Sidonie aliyekuja akiegemea fimbo yake. "Mama, wewe umelinda shamba hili muda gani?"

"Siku arobaini na mbili."

"Anapitia wapi, akiwa peke yake, bila mbwa?"

Sidonie alimtazama kama mtu aliyesubiri swali hilo tangu Pasaka. "Kwenye matete, kando ya kijito. Siku zote hapo hapo. Njia yake imekuwa laini kama ya binadamu. Nilikuwa namsikia akipita."

"Sasa kwa nini hukusema?" alifoka mjomba mmoja.

"Nani aliniuliza?" alisema Sidonie.

Walichimba shimo kwenye matete, refu kama mtu aliyeinua mikono, wakalifunika kwa fito na majani. Siku ya tatu asubuhi nguruwe alikuwa ndani, na Gisubizo akammaliza kwa mkuki. Sidonie alivuna viazi vilivyosalia, magunia manne badala ya saba, na wote waliokuwepo walimbebea hadi nyumbani.

Siku hiyo walikula pamoja uani. Nyama ilipoiva, mama Perpétue alitoka nyuma ya mlango wake. Watu walinyamaza, maana mama mkwe hatoki kukaa mbele ya mkwewe. Yeye alitoka na karai la maji na kitambaa, akapiga magoti mbele ya mumewe, akaanza kumwosha uso, polepole, kama mtu anavyomwosha mtoto mchanga. Akaosha shavu la kuume. Akaosha jicho moja, akaosha la pili, akapitisha kidole juu ya kope.

Kisha akamtazama Florent usoni kwa mara ya kwanza tangu amwoze binti yake.

"Mkwe wangu," alisema, "nilidhani binti yangu nimemwoza kwa fundi wa simu tu. Nyumba hii imekuwa na watu wanaojua kila kitu, na karibu wanizikie mume. Wewe umeuliza. Mutu huyu ananiona kwa macho yake mawili." Sauti ilimkatika, akaiacha ikatike, machozi yakadondoka karaini, wala hakuyaficha.

Muzee Twagirimana alisogea karibu na mkwewe. Alichukua kipande cha nyama kilichokuwa cha kwake kwa desturi, akakishika mkononi, akamwinamia mkwewe mbele ya ukoo wote. "Mtoto wangu," aliuliza, na lilikuwa swali lake la kwanza la kweli kwa mkwe yeyote katika maisha yake, "kwenu mnapenda sehemu ya mafuta, ao isiyo na mafuta?"

Florent alifungua kinywa kujibu, lakini kilichotoka ni kilio, kwa sababu uso uliomwinamia ulikuwa mzima. Kweli kabisa, kuuliza si ujinga.